Sikuposwa, Niliozwa na Treni

Mama Elvira mpendwa,

Ukinisoma redioni usinikate katikati nakuomba, kama ulivyomkata yule bwana wa mbuzi wiki iliyopita, maana mimi nikikatwa nalia na nikilia sisemi tena, na safari hii lazima niseme mpaka mwisho kwa sababu Jumamosi napanda treni kwenda Ujerumani kwa binti yangu, na nikishapanda sijui kama nitarudi. Shida yangu ndiyo hiyo, nimeitanguliza usije ukachoka kabla hujaifikia.

Jina langu Fortunata, wanaonijua wananiita Nata, na ukitaka litaje tu hewani, nani asiyejua? Mji mzima unajua nimemhama mume wangu na nalala kwa dada yangu Pasqualina, mjane, mwenye ile nyumba ambayo mlango wake ukifunguka unamgonga mpita njia. Sijapigwa, Mama Elvira. Sijaletewa mwanamke. Mume wangu Bastiano hanywi zaidi ya glasi yake ya mchana, mizeituni yake anaitunza kama watoto na watoto aliwatunza hivyo hivyo, kwa hiyo watu wakiniona na kibegi changu wanadhani nimeguswa kichwani, na padre ameniuliza kwa upole kama nimepima presha.

Chanzo ni safari. Binti yetu Ilaria, huyo wa Ujerumani mwenye mapacha, alitulipia tutembee pwani yetu hii hii, kuanzia Reggio mpaka Pizzo, polepole, tukilala njiani, eti kutimiza miaka arobaini ya ndoa, akasema, "Mama, watu wanavuka dunia kuja kuiona bahari hiyo, nyie mnaiona mkienda kung'oa jino." Nikasema ni kweli. Bastiano akasema sawa, ila kwa treni, kwa gari haendi.

Hapo lazima nikueleze kuhusu Bastiano na treni, maana mtu asiyelijua hilo hamjui mume wangu. Bastiano alizaliwa kwenye nyumba ya reli. Baba yake ndiye alikuwa akifunga na kufungua geti pale barabara inapokatiza reli, na watoto wake walilala kwa treni na kuamka kwa treni, wakati mama yake alikuwa mtu wa juu msituni, ukoo wa wachoma mkaa, watu ambao neno likiwatoka wanaumwa kichwa. Bastiano akachukua masikio ya baba na ulimi wa mama. Mpaka leo yuko mezani anakula, inalia honi huko mbali, anakwambia hii treni ya kutoka Paola, imechelewa, dereva mgeni, halafu anarudi kwenye supu yake na hilo ndilo neno lake mpaka jioni. Miaka arobaini hajawahi kuachwa na treni, wala basi, wala misa. Stesheni tunafika mapema mpaka mfagiaji anatuambia tuinue miguu apite na ufagio. Nimeshagombana naye sana kwa hilo, lakini ndivyo alivyo, hata ratiba ya sikukuu anaijua kwa kichwa kama wengine wanavyojua rozari.

Basi tukaenda. Reggio tulitembea ufukweni na aiskrimu, Sicilia iko hapo ng'ambo utadhani ukiita wataitika, na Scilla tulilala kwenye nyumba ambayo mawimbi yanaigonga ukuta usiku kucha, na wakati tunashuka zile ngazi za kwenda bandarini Bastiano akanishika mkono. Mama Elvira, mume wangu hajawahi kunishika mkono mbele za watu. Nikamwambia, "Watu wanatuona." Akasema, "Watuone." Neno moja tu hilo, nikashuka ngazi zote bila kuuachia ule mkono. Bagnara tulikula samaki nduwaro wa kuchoma, akachukua kile kipande cha tumbo, kile chenye mafuta ambacho kila mtu anakigombania, akakiweka kwenye sahani yangu bila kuniangalia. Nikaanza kuona raha. Na mimi nikiona raha ndipo moyo unapoanza kudai vitu vyake vya zamani, ndiyo kosa langu.

Kwa sababu baada ya hapo ni Tropea, na Tropea ndiko tulikooana, ingawa harusi haikufungwa huko.

Nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa msichana, ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria ile ya katikati ya Agosti, na vijana wa parokia yetu tulipanda treni kwenda Tropea kuoga bahari. Bastiano alikuwemo. Mimi nilikuwa nimeshamtia machoni siku nyingi, lakini nani angejua, enzi zetu msichana alikuwa anapenda huku anaangalia viatu vyake. Jioni wenzetu wakaanza kukusanya mataulo waende stesheni, Bastiano akanijia akasema, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia hadi siku hiyo, "Usiikimbilie hii, Nata, imejaa. Kuna nyingine baadaye. Njoo juu uone jua linavyozama pembeni ya Stromboli." Binamu yangu aliyepewa kazi ya kunilinda alikuwa amekula tikiti lililochemka kwa jua anatapika, wenzake wamembeba wameondoka naye, hakuna aliyeniuliza. Nikapanda naye juu. Tukasimama pale ukingoni, jua likaenda likaingia baharini karibu kabisa na ule mlima unaofuka moshi, na yeye hakuliangalia jua sana, nilimwona. Tuliposhuka stesheni palikuwa kimya, mwenye stesheni anafunga dirisha lake. Bastiano akajishika kichwa. "Ee Mungu wangu! Leo sikukuu, Nata. Hiyo nyingine leo haipo."

Tukakaa kwenye benchi la chumba cha abiria mpaka kukapambazuka, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu, katikati mfuko wangu wa taulo, akanipa koti lake nijifunike, na haki ya Mungu hakuna kingine zaidi ya koti. Lakini wewe ni mtu wa huku, unajua. Enzi zile mvulana na msichana wakilala nje, hata wakilala altareni, wametoroshana, na waliotoroshana wanaozwa haraka ili midomo ya watu ipate kupumzika. Treni ya asubuhi ilipotushusha, baba yangu alikuwa amesimama pale na suti yake ya kanisani. Akamzaba Bastiano kofi moja, wala si la hasira, kofi la utaratibu. Halafu akasema, "Jumapili ijayo. Misa ya alfajiri." Nikamkodolea macho Bastiano nikingoja aseme mzee, treni ilituacha, mwanao sijamgusa. Hakusema. Alisema, "Sawa."

Sawa. Ndilo neno nililoolewa nalo, Mama Elvira, sina lingine.

Waliotoroshana hawavai shela. Hawapigiwi kengele. Hawaimbiwi dirishani usiku wa kuamkia harusi na magitaa na majirani wamejaa kwenye roshani, maana wataimbiwa nini wakati wameshajiimbia wenyewe? Niliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, giza bado, na suti ya kijivu ya Pasqualina iliyonibana kwapani, padre anapiga miayo. Na hakuna siku hata moja, si kabla wala baada, ambapo mwanamume huyu alikuja akaniambia Nata, nakutaka wewe, unanitaka? Nimemzalia, nimemfulia, nimemzika mama yake kwa mikono yangu hii, lakini kila nikisikia kengele za harusi ya mtu najiuliza kitu kimoja: huyu alinitaka yeye, au treni ndiyo iliyonitaka?

Sasa safari hii tumekaa Tropea, pale pale juu, kwenye meza ya baa, tunakula mkate na vitunguu vyao vyekundu. Meza ya jirani kijana mmoja mgeni, mwekundu kwa jua kama kamba wa kuchemsha, akapiga goti mbele ya msichana wake na pete mkononi. Msichana akapiga kelele, watalii wakapiga makofi, mhudumu akaleta mvinyo wa bure. Na mimi nikaangua kilio.

"Ni jua hilo," Bastiano akasema. "Nilikwambia vaa kofia."

"Si jua."

"Basi kitunguu."

"Si kitunguu! Bastiano, wewe ungeniposa? Siku ile kama treni isingetuacha, ungekuja kwa baba kuniposa?"

Akabadilika rangi kama mtu aliyefumaniwa kwenye shamba la mwenzake. Akafuta kisu chake kwa mkate, akakikunja, akakitia mfukoni, akaangalia bahari, na mimi nasubiri, Mama Elvira. Halafu akasema, "Nata, treni ilishaondoka. Unaiulizia ya nini?"

Ndiyo jibu. Ndiyo jibu langu la miaka arobaini. Yaani yalishatokea, sikuwa na la kufanya, tuyaache. Nilinyanyuka sikumaliza kula. Akanunua shada la vitunguu lililofungwa kwa kamba nyekundu, kwa sababu yeye dunia ikiisha atauliza vitunguu bei gani, akanifuata nyuma na shada lake begani, na stesheni akafanya kioja kingine, akaingia kile chumba cha abiria akasimama katikati anageuka geuka. Nikamuuliza anatafuta nini. "Benchi," akasema. Lile benchi walishaling'oa, pameshawekwa mashine ya kuuza soda. Akasimama mbele ya ile mashine, kofia mkononi, utadhani amekuta jeneza. Nikasema treni hiyo inakuja. Akasema, "Bado." Pizzo hatukufika.

Nyumbani nikachukua kibegi changu nikaja kwa Pasqualina. Bastiano alinisindikiza mpaka mlangoni akasema, "Unarudi lini?" Nikasema, "Unanihitaji?" Akasema, "Vitunguu vyote vile atakula nani?" Unasikia mtu huyo?

Na badala ya kuja kusema neno, unajua anafanya nini? Analeta kuni. Kila asubuhi Pasqualina hajachemsha hata kahawa tunasikia bajaji yake ya mizigo inakohoa huko chini, halafu puu! Gogo. Wala si mzigo wa kuni, gogo moja la mzeituni, amelichuna maganda likawa laini, amelifunga ile kamba nyekundu ya vitunguu vya Tropea, maana mume wangu hatupi kitu, na analisimamisha mlangoni kabisa mpaka ukitoka unajikwaa. Kwenye joto hili! Siku ya kwanza Pasqualina alitoa kichwa dirishani akamfokea.

"Shemeji! Kuni za nini Agosti hii, unataka kunikausha?"

"Si zako, shemeji."

"Si zangu? Mlango wa nani huu?"

Bastiano akasimama pale na kofia mkononi anaangalia lile dirisha ambalo mimi nilikuwa nyuma ya pazia lake, akangoja sana, halafu akaondoka. Pasqualina akashuka akalisukuma lile gogo kwa mguu likabiringika mpaka ng'ambo ya barabara. Kesho yake Bastiano analikuta huko mtaroni, haulizi, hagombi, analifuta vumbi kwa mkono wa shati, analirudisha mlangoni, anasimama, anangoja, anaondoka. Pasqualina analisukuma. Leo asubuhi tena vile vile. Pasqualina anasema huyo ananikejeli, maana yake kaa huko huko na kuni zako za msimu wa baridi nisikuone. Na mimi nikiangalia naona hivyo hivyo, kwamba ananihamisha kidogo kidogo, anaanza na kuni.

Na bado namtamani, nitakuficha nini. Yuko mtaa wa pili na namtamani kama aliyeko ng'ambo ya bahari. Nakumbuka anavyopuliza kahawa kabla ya kuionja hata ikiwa imepoa. Honi ikilia najikuta nasema peke yangu, hii ya Paola. Siku ile angeniuliza, Mama Elvira, pale juu Tropea, ningesema ndiyo kabla hajamaliza swali. Sitaki pete, sitaki shela, uso huu shela ya nini sasa. Nataka kuulizwa. Basi.

Sasa niambie, nina wazimu kulilia neno moja katika umri huu? Au niende zangu Ujerumani nikalee mapacha, nimwachie mwanamume aliyebebeshwa mzigo na treni apumue miaka iliyobaki? Ilaria ameshanunua tiketi. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
Nata, kwa Pasqualina, chini ya kanisa


MAMA ELVIRA ANAJIBU

Nata mdogo wangu, sikukukata. Fundi wa mitambo hapa ni shahidi, nimekaa kimya mpaka mwisho, ingawa ulipofika kwenye gogo nilisimama nikakaa tena.

Kwanza nikutoe hofu: huna wazimu wowote. Mtu anaweza kula tumbo la nduwaro miaka arobaini na bado akawa na njaa ya kuulizwa. Kusikia "sawa" iliyosemwa kwa baba yako si sawa na kuulizwa wewe, na nyie mnaonisikiliza huko jikoni mnaosema "ah, bibi mzima analilia mapenzi", zimeni redio mkakoroge sosi zenu. Nina hamu nikuone nikukumbatie. Nikishamaliza kukukumbatia nitakufinya, maana wewe umeniandikia jibu lako mwenyewe halafu ukanipa mimi nikusomee.

Soma ulichoandika. Mtoto wa nyumba ya reli. Anajua dereva mgeni kwa honi. Hajaachwa na treni, wala basi, wala misa. Ratiba ya sikukuu anaijua kwa kichwa kama rozari. Ni maneno yako hayo, mama! Halafu huyo huyo, mtoto wa mfunga geti, siku ya Bikira Maria, mbele ya msichana mmoja tu kati ya wote waliokuja na mataulo yao, akasahau kwamba leo ni sikukuu? Akajishika kichwa, "Ee Mungu wangu"? Na wewe ukaamini? Miaka arobaini yote, Nata, umelala kitanda kimoja na mtu huyo na hujawahi kujiuliza?

Treni haikuwaacha. Bastiano aliiacha treni.

Sasa usianze kulia, subiri kwanza nimseme yeye. Bastiano, kama una redio kwenye hiyo bajaji, simama pembeni unisikilize. Ulikuwa domo zege, hukuweza kufungua mdomo ukamwambia msichana unampenda, ukaona bora mji mzima useme kwa niaba yako. Ule ulikuwa ujanja wa mwoga. Ulimpora shela yake, kengele zake, na magitaa chini ya dirisha, na zaidi ya vyote ulimpora nafasi ya kujibu. Kofi la baba mkwe ulilipokea kimya kwa sababu ulijua umelifanyia kazi. Sikutetei hata kidogo, na mkeo akitaka kukuongezea la pili ana ruhusa yangu.

Lakini Nata, angalia na upande wa pili. Mtu aliyefanya hivyo anaishi na swali gani? Wewe unajiuliza kama alikutaka. Yeye amekaa na hofu mbaya kuliko yako: huyu mwanamke angenikubali, au niliiba? Ulipomuuliza pale Tropea akabadilika rangi kama aliyefumaniwa, umesema mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa, ulimfumania. Benchi lile alilokuwa akilitafuta, wewe unadhani alitaka kukalia? Na wewe je, umewahi kumwambia kwamba ungesema ndiyo kabla hajamaliza swali? Umeniambia mimi. Sasa wameshasikia mpaka wavuvi wa Bagnara. Mwenye haki ya kulisikia kwanza umemnyima, halafu unamlaumu kwa kimya. Bubu mmoja na bubu mwingine mmekutana, hiyo ndiyo ndoa yenu.

Tuje kwenye hizo kuni.

Nyie watu wa tambarare, wa mizeituni na machungwa, hamjui ya juu msituni. Mimi bibi yangu mzaa mama alikuwa wa huko, kwa wachoma mkaa, kwa kina mama mkwe wako. Watu wasio na maneno, umesema kweli, neno likiwatoka kichwa kinauma. Kwa hiyo waliweka njia nyingine. Mwanamume wa huko akimtaka msichana hakupeleka mshenga wala maua. Alikwenda kuchagua gogo zuri, akalichuna, akalipamba kwa utepe, na asubuhi na mapema akalisimamisha mlangoni kwa kina binti, halafu akangoja. Wakiliingiza gogo ndani, amekubaliwa, na yeye anaingia nyuma yake. Wakilibiringisha barabarani, amekataliwa, aokote gogo lake aende. Babu yangu alimpata bibi hivyo, na lile gogo halikuchomwa motoni hata msimu wa baridi kali, watoto walikalia mpaka mimi nikalikalia.

Ile si kuni, Nata. Ile ni posa.

Kamba nyekundu ya Tropea si ubahili, ndiyo utepe wake, na ameitoa pale pale ulipomuuliza. "Si zako, shemeji," alimwambia dada yako wazi kabisa, nyie wote wawili masikio mmeyaweka wapi? Umemuuliza kama angekuposa, kinywa kikamkatalia, akaenda kwa mizeituni yake akachagua gogo, akakujibu kwa lugha ya mama yake. Na kila asubuhi Pasqualina analipiga teke. Mume wako amekataliwa hadharani, mtaa mzima unaona, akaokota, akafuta vumbi, kesho akarudi kuposa tena. Wewe uko nyuma ya pazia unalia kwamba hujawahi kuulizwa!

Pasqualina dada yangu, wewe nakuheshimu kwa ujane wako, ila huo mguu wako uufunge.

Sasa sikiliza vizuri. Jumamosi usipande treni yoyote kabla hujafanya nitakalokwambia. Kesho asubuhi Pasqualina abaki kitandani, mfungie ikibidi. Vaa nguo unayoipenda wewe, isiwe suti ya mtu. Ukisikia bajaji inakohoa, shuka ufungue mlango kwa mkono wako, usimame mbele yake, umtazame. Safari hii hakuna treni, hakuna baba, hakuna padre anayepiga miayo. Kuna mlango na gogo na wewe, na unaweza kujibu unavyotaka. Ukiona huwezi kumsamehe ule ujanja, lisukume kwa mguu wako mwenyewe, ajue umemkataa, uende kwa mapacha kwa amani, na mimi sitakulaumu. Ila usiende kwa sababu dada yako hapendi kuni za Agosti.

Na ukimtaka, kwanza mwambie lile la kabla hajamaliza swali, kwa sauti asikie, maana hatajua bila kuambiwa. Ilaria atanunua tiketi ya pili, mapacha wawaone wote wawili, stesheni najua mtafika mapema. Halafu inama, ushike ile kamba nyekundu, uliingize ndani. Usijitie nguvu lakini. Gogo la mzeituni ni zito, mgongo wako si wa enzi zile za Tropea tena. Mwambie ashike upande wa pili.